Meya Aliyekataa Mara Nne

Hoteli pekee hapa Cutler's Ford, Nebraska, iliungua mwezi wa tisa. Ndiyo maana Erastus Pickerill, mchekeshaji ambaye miji mikubwa ilikuwa inamgombania, alilala kwetu alipokuja kuzungumza. Na ndiyo maana nilifanya kosa.

Asubuhi ya Jumamosi mume wangu Orrin alikuwa ameshakwenda ghalani kwake kupokea mahindi. Nikamwandalia mgeni mayai, nyama ya nguruwe na pai ya tufaha. Pickerill ana namna yake ya kusikiliza: anakaa kimya kama shimo, nawe unajikuta unatupia maneno humo. Nilianza kwa kumwambia kwamba mimi si mtu wa kumsema mume wangu. Kahawa yake ilipopoa nilikuwa nimeshamweleza kuwa Orrin ameukataa umeya mara nne, na hakuna aliyewahi kumwomba. Kila uchaguzi ukikaribia huandika hotuba ya kukataa kwa unyenyekevu, akaisoma mbele ya kioo, kisha akakaa dirishani na koti la Jumapili kungoja wajumbe wa kumwomba.

Mgeni hakucheka. Aliuliza tu kama hotuba ni ndefu.

"Kurasa tatu," nikasema. "Na pana mahali pa kunyamaza kidogo, ili watu walie."

Hapo akatoa kalamu.

Nilimsihi asithubutu. Orrin alishawahi kuninunia tangu theluji ya kwanza hadi barafu ya mtoni ikayeyuka, kwa vile nilitaja mbele ya watu kwamba hukoroma kanisani. Hili lingekuwa la kuninunia mpaka kaburini.

"Bi. Drusilla," alisema, "mwaka wa ishirini huu nawasema watu machoni pao. Kila mmoja hunishukuru kwa kumsema jirani yake."

Alasiri kanisa la Wamethodisti lilijaa hadi ngazini. Nilikaa kando ya Orrin. Pickerill akaanza na madaktari, akapita kwa wachungaji, halafu akasema anamjua mtu aliyeukataa umeya mara nne, ila mji wake haujapata habari.

Kanisa likalipuka. Nikaona jambo la ajabu: kila mwanamume alikuwa akimwangalia mwingine. Lemuel Voss, muuza viatu, alimgeukia mfamasia. Mfamasia alimkonyeza mwalimu mkuu.

"Hotuba yake ya kukataa," Pickerill akaendelea, "ni ya kurasa tatu."

Orrin alinyamaza. Ni kwa pumzi moja tu, kisha akacheka kuliko wote, akajipiga kofi pajani, akafuta machozi kwa tai. "Huyo ni Voss kabisa," akaninong'oneza. Nikashusha pumzi niliyoibana tangu asubuhi.

"Mkewe naye si mtu wa kumsema mumewe," akasema Pickerill. "Mkaribieni tu. Atawaeleza kwa nini, mpaka kahawa ipoe."

Nilicheka mpaka kofia ikanikaa upande, maana katika maneno hayo nilimwona Bi. Krebs, jirani yetu, kama alivyo. Kicheko kilikuwa bado kinywani nilipokumbuka ile kahawa ilikuwa ya nani.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Orrin alikuwa mchangamfu, akiiga sauti ya Pickerill njia nzima. Karibu na lango letu akasema, "Lakini mke wa Voss ana mdomo."

"Anao," nikasema.

"Ila anapika vizuri," akasema, akanifungulia lango.

Jumapili asubuhi niliinama kuwasha jiko. Juu kabisa ya kapu la kuni ndogo kulikuwa na karatasi tatu zimekunjwa vizuri, kwa mwandiko wa Orrin. Nilikaa sakafuni nikazisoma zote. Pale pa kunyamaza nikanyamaza, na kusema kweli nililia.

Sikuziwasha. Nilizipiga pasi, nikazirudisha mfukoni mwa koti lake la Jumapili. Uchaguzi ulikuwa umebakiza wiki mbili, na watu hawatabiriki. Orrin alitia mkono mfukoni tukiwa njiani kwenda kanisani, akatulia, akanipa kiwiko chake nishike.

Wala sijamwambia mtu mwingine habari hizi. Ila Bi. Krebs, alipokuja kuazima hamira, na yeye si mtu wa kusemasema.