Dympna na Tuni Yangu

Wivu ninao, siukatai. Mwaka ule wa korona watu wa kijiji chetu cha Cahernagree walikuwa wanaogopa kikohozi, mimi nilikuwa namwogopa Dympna Hehir. Nikisikia jina lake tu nyongo inanipanda, na siku zile jina lake lilikuwa mdomoni mwa kila mtu hapa kaunti ya Clare.

Tulianza pamoja, yeye na mimi, tukiwa wasichana wa miaka tisa jikoni kwa Mzee Senan Clohessy. Mimi nilishika fidla kama mzee mwenyewe. Dympna alipewa konsatina, kile kinanda kidogo cha kuvuta na kubana, kwa sababu ilikuwepo tu pale kabatini na hakuna aliyeitaka. Zaidi ya miaka hamsini tumekaa meza moja kwenye baa ya Mossie kila Jumapili, mimi miaka hii ya karibuni kwenye kiti cha karibu na moto, yeye mkabala nami. Kiti hicho ni cha anayeongoza kikao cha muziki. Hakuna palipoandikwa, lakini mgeni akikikalia, Mossie anamwomba ahame. Kilikuwa cha Mzee Senan mpaka magoti yalipomshinda, kisha nikakikalia mimi. Dympna hakusema kitu. Na hilo nalo liliniudhi.

Tuna desturi yetu. Ukishapiga tuni, yaani wimbo wa ala usio na maneno, unamtaja mtu uliyeipata kwake. Watu wa mjini wanataja mwanzoni, tena kwa hotuba ndefu. Sisi tunataja mwisho: "Nimeipata kwa fulani." Basi, tunakunywa. Ukinyamaza, wewe ni mwizi. Na ukiishia njiani hutaji mtu, maana hujaibeba tuni yake, umeiangusha. Yupo mpiga filimbi mmoja wa kijiji cha jirani aliyesahau kutaja mwaka 1988, na hadi leo akiingia baani Mossie anamuuliza, "Haya, leo umemwibia nani?"

Machi ikaja, baa zikafungwa. Mossie akapandisha viti juu ya meza akaenda zake. Mimi nikasema, sawa, muziki nao upumzike, kwani muziki wetu ni wa kukaa goti kwa goti. Dympna akapumzika? Thubutu! Haikupita wiki mbili akaanzisha kikao kwenye kompyuta, Jumapili saa kumi na moja jioni, saa ileile yetu. Wa kwanza walikuwa sita. Kufika Pasaka walikuwa mia tatu, wengine Boston, wengine Melbourne, na daktari mmoja wa meno wa Osaka aliyekuwa na konsatina nzuri kuliko ya Dympna mwenyewe.

Mossie akanipigia simu. "Attracta, ingia bwana. Watu wanakuulizia."

"Wananiulizia, au ni wewe unayeniulizia?"

"Mmoja aliuliza."

"Nani?"

"Jina limenitoka. Lakini aliuliza, haki ya Mungu."

"Na kiti cha moto anakaa nani?"

"Kiti gani, mama? Huku ni vijisanduku tu vyenye sura za watu."

"Anayeongoza, Mossie. Nani anaongoza?"

Akakohoa kidogo. "Dympna."

Niliingia kimyakimya. Kamera niliibandika plasta, na kwenye nafasi ya jina nikaandika la shangazi yangu aliyekufa mwaka 1994. Basi nikaona mambo. Mtandao unachelewesha sauti, kwa hiyo wote mnafungwa midomo na anasikika mmoja tu, anayeongoza. Wengine mnafuatisha kila mtu kwake. Mimi, Attracta Considine, niliyeongoza kikao miaka kumi na minne, nikawa nafuatisha vidole vya Dympna jikoni kwangu, nasikilizwa na paka! Na pembeni mwa kioo maneno yanapanda: Dympna Mungu akuweke, Dympna bila wewe tungekufa kwa upweke, Dympna mikono yako. Niliyasoma yote. Sikuruka hata moja.

Kilichonipa usingizi ni kitu kimoja tu, kwamba nilikuwa na tuni ambayo Dympna hana.

Mzee Senan alikuwa na miaka tisini na moja, na wazee walikuwa wamekatazwa kutoka. Kila Alhamisi nilitembea mpaka kwake, nikageuza ndoo ya kukamulia, nikaikalia nje ya dirisha lake. Yeye alikaa ndani, dirisha limefunguliwa kiasi cha mkono kupita. Tangu baridi iliyotangulia alikuwa akinifundisha tuni ya mama yake, ya polepole, isiyo na jina, ambayo haikuwahi kurekodiwa na mtu. Ina sehemu tatu, na ile ya tatu inageuka ghafla, kama mtu aliyefika njiani akakumbuka hakufunga mlango. Pale penye kugeuka pana noti ya juu ya kidole kidogo. Changu kilivunjwa na lango la ng'ombe nikiwa na miaka ishirini na mitano, hakifiki. Kwa hiyo noti hiyo naiacha, nakawia kidogo kwenye iliyotangulia, kisha nateremka.

"Samahani, mzee, hapo nachechemea," nilimwambia.

"Chechemea tu. Ndivyo watakavyojua ni wewe. Umeishika?"

"Nimeishika."

"Basi igawe."

"Nitaigawa muda ukifika."

"Muda! Nina miaka tisini na moja, Attracta. Wewe unataka muda wa nani?"

Sikuigawa. Nilitaka tuwe nayo wawili tu, na baadaye, Mungu anisamehe, niwe nayo peke yangu.

Dympna ndiye aliyejitolea kuwapelekea wazee vitu vya dukani. Mzee Senan zamu yake ilikuwa Alhamisi, bila shaka. Kila nikitoka namkuta nje ya ukuta ndani ya gari lake jekundu, kioo kimeteremshwa, maziwa na mkate viko kiti cha nyuma.

"Ungemaliza tu, dada. Mimi sina haraka," anasema.

"Nimeshamaliza."

"Leo umepiga sana."

"Kwani unanihesabia dakika?"

Anacheka. Ana kicheko cha mtu asiye na deni na mtu, kinachoma roho. Nilijua anachongoja pale. Alikuwa anangoja niondoke ili akakalie ndoo yangu.

Basi Jumapili moja ya Mei niko jikoni na plasta yangu kwenye kamera. Dympna akasogea karibu, akavuta konsatina magotini, akasema, "Hii ni ngeni kwangu, mnivumilie." Akaanza.

Noti tatu tu, nikaijua. Tuni yangu! Tuni ya mama yake Mzee Senan, mbele ya watu mia tatu, daktari wa meno wa Osaka amefumba macho anaiyumbia! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Alipofika katikati ya sehemu ya pili nikaifunga kompyuta kwa kishindo hata paka akaruka mezani. Nililia kwa hasira, sauti kabisa, kama mtoto aliyenyang'anywa.

Nusu saa baadaye simu ikalia. Dympna. Sikupokea. Ikalia tena. Nikaizima.

Kesho yake, ingawa haikuwa Alhamisi, nilikuwa dirishani kwa Mzee Senan kabla hajanywa chai.

"Umempa Dympna."

"Nimempa nini?"

"Tuni, mzee! Ile yangu!"

"Mimi Dympna nimempa orodha ya maziwa na tumbaku. Kingine sijampa."

"Basi ameiba. Kaipiga jana, dunia nzima imesikia."

Mzee akaweka kikombe chini. "Kaipiga yote?"

"Yote," nikasema. Uongo mtupu, nilikuwa nimesikia sehemu moja na nusu.

"Na ya tatu, kaigeuza vizuri?"

"Mzee, nakwambia umeibiwa!"

"Nimesikia. Kwa hiyo sasa tuko watatu." Akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akapangusa macho kwa mkono wa sweta, akacheka tena. "Watatu! Mama angefurahi. Kaa basi, unipigie."

Sikukaa. Nilimwacha pale dirishani na furaha yake. Alhamisi ilipofika sikwenda. Nilisema moyoni, ngoja Dympna akampigie, si ndiye mpya. Ijumaa asubuhi binti wa mzee, Ita, akanipigia. Baba alilala vizuri, alisema, ila hakuamka.

Niliketi sakafuni na simu mkononi. Ita aliendelea kuzungumza kwa sauti ya mtu aliyeishiwa.

"Makaburini wanaruhusu kumi tu. Familia tuko wanane, na padri. Imebaki nafasi moja, ya muziki. Nilikuwa nawaza, dada Attracta, labda wewe na Dympna mgawane, mmoja kanisani na mwingine..."

"Ita, mdogo wangu, nisikilize. Dympna ni mwizi. Kaiba tuni ya bibi yako akaianika mtandaoni. Yeye akiingia, mimi sitii mguu."

"Dympna?"

"Dympna huyohuyo."

"Sina nguvu za ugomvi leo. Njoo wewe, basi."

Nikashinda. Na niseme ukweli wangu: nilikuwa namlilia mzee, machozi ya kweli kabisa, na wakati huohuo kuna pembe moyoni mwangu ilikuwa inapiga vigelegele.

Siku ya maziko watu walijipanga barabarani toka kanisani hadi makaburini, mita mbili kati ya mtu na mtu, kwa kuwa ndani hawakuruhusiwa. Mossie alikuwepo amevaa suti. Waliokuwa na ala walizibeba kwapani bila kuzipiga. Dympna alisimama mwisho kabisa, nje ya ukuta wa makaburi, konsatina mikononi. Sikumwangalia. Yaani nilimwangalia, ila kwa pembe ya jicho, nikaona macho yamemvimba.

Padri alipomaliza akaniashiria. Nikaweka fidla begani nikaanza. Sehemu ya kwanza ikatoka vizuri, na ya pili, na kila mtu alikuwa kimya hata ukutani. Nikawaza, sasa wanajua mrithi wake ni nani. Nikaingia ya tatu.

Ndipo konsatina ikanifuata. Ilitoka nje ya ukuta, chinichini, haikunitangulia wala haikuchelewa. Hata hapa? Hata leo? Nilikuwa nimefika pale pa kugeuka, na upinde wangu ukasimama. Niliuondoa kwenye nyuzi mimi mwenyewe, jeneza likiwa bado kwenye kamba. Ita akanitazama.

Konsatina nayo ilisita, ikiningoja. Nilikaza midomo. Basi ikaendelea peke yake, ikageuka.

Na ikachechemea. Dympna ana vidole vyote kumi vizima, na ala yake ni ya kubonyeza vifungo tu, noti ile ya juu ingemgharimu nini? Aliiacha. Akakawia kwenye iliyotangulia, kisha akateremka, vilevile, kwa kidole changu kilichovunjwa na lango la ng'ombe. Hakuna mtu duniani anayeipiga hivyo ila mimi. Nikaliona lile gari jekundu, kioo kimeteremshwa, Alhamisi baada ya Alhamisi.

Alipofika mwisho akainua sauti, maana watu walikuwa wametengana.

"Nimeipata kwa Attracta Considine."

Ita alinisogelea kadiri ilivyoruhusiwa. "Si ndivyo alivyosema hata ile Jumapili, dada? Alikutaja mbele ya watu wote, akasema nyinyi ni mabubu wawili, miaka hamsini hamwambiani la moyoni, na wewe ndiye uliyebeba tuni ya baba. Mimi nilikuwemo. Hukusikia?"

"Niliifunga," nikasema.

"Ulifunga nini?"

Padri alikuwa amekunja mikono, anangoja. Familia walingoja. Ukutani Mossie alikuwa amevua kofia, na Dympna ameinua kichwa, ananipa zamu yangu. Kila mtu wa Cahernagree anajua kinachofuata baada ya tuni, na nilifungua mdomo nimtaje Mzee Senan Clohessy, aliyenipa fidla nikiwa na miaka tisa, aliyeniomba nikae nimpigie nikakataa.

Nikaufunga. Sikuwa nimeimaliza tuni.

Mossie akavaa kofia yake, akatazama chini. Ita akainama, akachukua udongo.