Shahidi wa Fundi Boila

Jumanne ya tarehe kumi na nne, saa moja na robo asubuhi, fundi boila wa kiwanda cha kufulia shuka za hospitali aliambiwa awashe, akasema hawashi. Valvu ya usalama, inayotoa mvuke ukizidi, ilikuwa imefungwa kwa waya. Meneja akamwamuru mara mbili kwa mdomo, mara ya tatu kwa barua: amekaidi amri, Ijumaa afike kikao cha nidhamu, akishindwa hana kazi wala kiinua mgongo. Miaka kumi na tisa ya kazi hiyo. Wakubwa koleo hawajawahi kulishika, ila kufukuza wanakujua.

Kanuni ziliruhusu aje na mfanyakazi mwenzake mmoja. Wenzake wote Ijumaa hiyo waliumwa matumbo. Akaja na mkewe.

Mkewe alikuwa mpiga pasi humo humo, akafa mwaka juzi boila hiyo hiyo ilipopasuka. Mvuke ulikuwa bado unamtoka mikononi. Afisa utumishi alimwomba asogee kidogo, faili zisilowe.

"Marehemu si mfanyakazi," meneja alisema.

Afisa utumishi akapekua orodha. "Yumo. Hakuna aliyemwandikia barua ya kumwachisha."

"Habari za siku nyingi, bosi," mkewe akasema. "Umenenepa."

Karani wa kikao alicheka, akakigeuza kicheko kikohozi.

"Mume wangu mbishi, sikatai. Hata chumvi alinibishia. Lakini siku yangu nayo valvu ilifungwa waya. Tukaambiwa tuendelee kupiga pasi, nikatii. Si mnaniona?"

Wakanong'onezana. Wakaandika: amri haikuwa halali, arudi kazini, ila kwenye kukunja shuka, apewe onyo kwa kumpazia meneja sauti Jumanne ile. Fundi akashusha pumzi iliyomkaa kifuani tangu Jumanne, mapazia yakapepea.

Akamsindikiza mkewe getini. Mlinzi akampa daftari asaini kutoka.

"Ule, baba watoto. Umebaki mifupa."

"Nitakula."

Usiku huo alilala fofofo, mara ya kwanza tangu mwaka juzi.

Jumatatu alianza kukunja shuka, za moto, zimetoka kupigwa pasi. Boila ilikuwa inanguruma. Kibarua mgeni ndiye aliyeiwasha. Waya ulikuwa palepale. Muhtasari wa kikao ulibandikwa ukutani, na kwenye ukurasa wa mwisho, uliolowa na usiokauka mpaka leo, lilikuwapo swali kwa mwandiko wa mkewe, na chini yake nafasi ya jibu, tupu: waya ule wa mwaka juzi, na huu wa sasa, aliufunga nani?