Ndagala za Kwenda Heidelberg

"Samaki haziendi kwenye kasri!"

"Kasri ya baba yako?"

"Mama, hii ni safari ya kulipia. Kuna basi, kuna hoteli, kuna mtu wa kutembeza wageni. Nikifungua hii valizi huko, hoteli nzima itahama."

"Ihame iende wapi? Wajerumani hawali samaki?"

"Hawali hizi!"

"Hizi ndagala zimetoka Uvira, zikapanda ndege mpaka Minnesota, hazikugombana na mtu njiani. Ni weye tu ndiye unaziona mbaya."

Yves alikuwa amekaa juu ya valizi kama kuku anayeatamia, na mama yake, Mama Générose, amepiga magoti chini anavuta zipu. Kijana ana kilo themanini, lakini mama alikuwa anashinda.

Kisa chote kilianzia kwa Bibi Margaret wa Anoka, mzee ambaye Yves analipwa kumtunza nyumbani kwake. Yves ana miaka ishirini na mbili. Shule aliiacha mapema, makalio yake hayakuumbwa kwa ajili ya kukaa darasani, na kila ghala alilofanyia kazi walimfukuza kwa sababu ya mdomo. Mdomo huohuo ndio Bibi Margaret aliupenda. Watunzaji wengine kila asubuhi walikuwa wanamwambia, "Leo umependeza sana." Yves siku ya kwanza tu alimwambia, "Bibi, hiyo sweta umevaa nyuma mbele." Bibi alicheka mpaka akakohoa, na tangu siku ile hakutaka mtu mwingine ashike kiti chake cha magurudumu.

Sasa bibi huyo, kabla hajafa, alitaka kuiona Ujerumani ya babu yake: miji ya zamani yenye kuta, makasri juu ya milima, misitu ya kwenye picha. Watoto wake wako Lakeville, hawana nafasi. Akasema Yves atakuja kusukuma kiti, tiketi juu yake yeye bibi.

Na ukweli usemwe, Yves hakujali kasri wala ukuta. Alitaka kitu kimoja tu: siku chache pahali ambapo hakuna mtu anamjua. Tangu wafike Amerika, yeye ndiye mdomo wa ukoo mzima. Mama ana appointment hospitali, Yves atafsiri. Barua ya mwenye nyumba, Yves aisome. Gari la Mama Euphrasie wa kwaya limezimika Maple Grove, Yves aende. Yuko kazini, simu. Yuko chooni, simu. Huko kwenye makasri, alijiambia, nitamfuata yule mtembeza wageni mwenye bendera ndogo, nitaangalia mawe, na hakuna atakayeniita mutoto wa Générose.

Halafu akafanya ujinga, akamwambia mama. Jumapili kwenye matangazo mama akasimama. "Bwana asifiwe! Mwanangu anaenda Ulaya. Mwenye salamu alete!" Na Wakongomani ukiwaambia walete salamu, hawaleti maneno. Walileta ndagala, walileta sombe, yale majani ya muhogo, iliyokaushwa, walileta vitenge, wakaleta sufuria, sijui kwani Ujerumani wanapikia nini, na mmoja akaleta kiatu cha kushoto, eti mwenye cha kulia yuko Freiburg.

Juu ya hayo mama akadai lazima aende Anoka. "Mtu anachukua mwanangu anapeleka Ulaya, na mimi sijaona hata uso wake? Mimi sikukuokota." Basi valizi ikaingia nyuma ya gari, madirisha yakafunguliwa yote, wakashika barabara.

Njiani mama alikuwa ameshika ile karatasi ya kampuni ya safari, anaisoma picha kwa picha.

"Hapa Heidelberg. Bon. Birindwa yuko Mannheim, ni karibu. Atakungoja kwa mlango wa kasri." Birindwa ni mdogo wake mama wa tumbo moja. Kwenye kambi ya wakimbizi Uganda walitenganishwa na makaratasi, yeye baadaye akaishia Ujerumani, wao Amerika. "Hapa Rothenburg, binti ya Euphrasie atatoka Nürnberg na watoto. Na hapa je?"

"Hapo ni msitu, Mama. Unaitwa Msitu Mweusi."

"Watu wanalipa waone msitu?"

"Wanalipa, ndiyo. Kuna mtu anawaelezea miti."

Mama akaikunja ile karatasi. "Mimi nilivuka msitu na weye mgongoni. Hakuna mtu alinisimamisha aniambie, madame, tazama ule mti."

Bibi Margaret aliwapokea sebuleni, amechana nywele kwa ajili ya mgeni. Mama akampa mkono kwa mikono miwili, akamuangalia usoni, akaridhika. Halafu, kabla Yves hajapata cha kufanya, akalaza valizi kwenye zulia na kuifungua. Harufu ikatoka ikasimama katikati ya sebule kama mgeni wa tatu.

"Hii ni nini?" bibi akauliza kwa Kiingereza.

Yves akaona upenyo. Akamgeukia mama. "Anasema kampuni imekataa. Mtu anabeba nguo zake tu. Na kukutana na ndugu njiani hairuhusiwi, ni sheria."

"Mwambie Birindwa ameshaomba ruhusa kazini," mama akasema. "Mwambie watu wote wa Mannheim wanakuja, watachoma nyama. Na yeye bibi wanamkaribisha, wameshamtafutia pahali pa kivuli."

Yves akamgeukia bibi. "Anakutakia safari njema."

Bibi akafinya jicho. "Maneno yote hayo ni safari njema?"

"Lugha yetu ni ndefu."

"Yves!"

Sauti ilitoka ndani ya mkoba wa mama. Mama akaingiza mkono, akatoa simu polepole, na uso wa Birindwa ukawa umejaa kioo kizima. Mama alikuwa amempigia tangu wako mlangoni, alitaka amuonyeshe bibi.

"Weye kijana, unatupiga kamba mchana kweupe? Dada, huyo bibi hajataja sheria yoyote. Ameuliza tu hii ni nini!"

Yves akarukia simu. Mama akaiinua juu, kama mtu anayemnyima mtoto kisu. Na Birindwa, Kiingereza chake cha kambini kikiwa kizima kabisa, akaanza kuongea na bibi moja kwa moja, nyama, kivuli, ndugu, kila kitu.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. "Wananingoja mimi pia?"

"Wewe pia, mama."

"Kwenye mji wa babu yangu kampuni imenipa nusu saa niangalie kanisa," bibi akasema. "Huko hakuna mtu ananingoja." Akaichukua ndagala moja, akaigeuza, akainusa, akairudisha kwa heshima. "Huyo mwenye bendera atatusubiri. Yves, tutakula na watu wako."

Hapo Yves akalipuka, Kiswahili kitupu, akimwelekea mama. "Nilitaka niende pahali hakuna mtu ananijua! Siku chache tu, Mama, siku chache! Kama unawapenda hivyo, nenda weye!"

Bibi akawageukia wote wawili, anangoja tafsiri.

Halafu Birindwa akakohoa, akasema kwa Kiingereza, taratibu kabisa, "Anasema anampa mama yake nafasi yake."

"Oh, Yves," bibi akasema, na mkono ukaenda kifuani. "Kampuni inataka jina kesho. Mama yako ana pasipoti?"

Pasipoti mama alikuwa nayo tangu aape uraia. Iko ndani ya Biblia, haijawahi kuona hata uwanja wa ndege. Na kusukuma kiti? Mama ana kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee, anageuza watu wakubwa mara mbili ya Bibi Margaret.

Yves alifungua mdomo arekebishe. Sentensi moja ilitosha, na Kiingereza chake ni kizuri kuliko cha Birindwa. Lakini akamuangalia mama. Mama alikuwa hana neno, kitu ambacho Yves hajawahi kukiona. Ameshika simu kwa mikono miwili. Kwenye simu Birindwa ameacha kucheka, anajipangusa pua na mkono wa shati.

"Dada," Birindwa akasema, "ni kweli unakuja?"

Mama akainua macho. "Ndivyo ulivyosema, Yves?"

Yves akamtazama mjomba wake kwenye kioo kwa uchungu wa mtu aliyepigwa na fimbo yake mwenyewe.

"Ndivyo nilivyosema," akajibu. "Tonton ametafsiri vizuri."

Mama akavuta kamasi, akafunga kitenge upya, na sauti ikarudi yote. "Bon. Basi weye utabaki na wadogo zako. Kirezi asiende shule bila kula, na usimpe chipsi ukaita chakula. Jumamosi utampeleka Euphrasie sokoni. Jumapili utabeba vyombo vya kwaya. Mchungaji ana barua za serikali, utamsomea, halafu..."

"Anasema nini?" bibi akauliza.

"Anashukuru," Yves akasema.

"Yves," simu ikaita, "mbona hajashuk..."

Yves akageuka, akapita mlangoni, akashuka ngazi, akaenda kumngoja mama garini.