Siku ya Tisa ya Kukandwa

...joto hili si la maji haya, maji bado yako kwenye sufuria, na joto lenyewe lilianza kabla mabua ya pamba hayajashika moto kule jikoni, lilianza alfajiri, meno yakigongana chini ya mablanketi mawili mpaka mtoto akashtuka usingizini, ila sasa mama mkwe ameshaingia, mvuke umejaa chumba kizima, na nani tena atajua joto lipi ni la maji na lipi ni la mwili, "Shika kitanda, mwanangu, inama kidogo," anasema Mektilda, na Specioza anashika kitanda, anainama, anasikia kitambaa kikitumbukia, kikikamuliwa, kikitua chini ya kitovu, na uwii, anauma ncha ya khanga, maana mtu aliyezaa bila kupiga kelele, zahanati nzima ikamsifu, leo alilie maji? Siku ya tisa hii. Kitovu cha mtoto kilidondoka juzi, kwa hiyo mzazi na mwanawe sasa wanaruhusiwa kutoka nje wakaonwe na watu, ndiyo desturi ya nyumba hii, hapa kijijini Migato, lakini nesi Lucy alisema siku ya tatu urudi, na siku ya saba urudi, na siku ya tatu kitovu kilikuwa bado na siku ya saba mvua ilinyesha, na Mabula naye, mumewe, anatoka na bomba la dawa kwenda kupuliza pamba, anarudi jioni, anasimama mlangoni, anauliza mnaendeleaje, unamjibu tunaendelea vizuri, naye anafurahi kweli, maskini, ungemwambia nini mwanaume pale mlangoni... "Unanisikia lakini?" anauliza Mektilda, "nakusikia, mayu," anajibu, akimwita mama kwa lugha ya nyumbani, ingawa hakusikia kitu, Mektilda anaendelea na habari yake ya ng'ombe wa jirani, yule wa Masunga, aliyezaa wiki iliyopita kondo la nyuma likabaki ndani, "likaanza kunuka, nakwambia, kwa Masunga hapakaliki, siku hiyohiyo akampigia simu bwana mifugo, akaja na pikipiki, glovu mpaka begani!" na anacheka, mikono ikibinya, na Specioza anacheka kidogo ili asionekane hasikilizi, halafu cheko linamkwama, kwa sababu ng'ombe akinuka hakuna anayeona aibu, wala ng'ombe mwenyewe haoni, linatajwa mpaka barabarani, simu inapigwa, lakini mtu... yeye tangu juzi anafua vitambaa vyake mwenyewe, kabla hakujapambazuka, anavianika nyuma ya banda ambako hata kuku hawaendi, na sabuni ya mche mzima imekwisha, na harufu iko palepale, imo kwenye khanga, imo kwenye godoro, anajiuliza kama hata mtoto anaisikia anaponyonya.

Alinyoosha vidole nesi Lucy, siku ya kuruhusiwa, kidole kimoja homa, kidole cha pili damu yenye harufu mbaya, cha tatu tumbo kuuma chini, cha nne kizunguzungu au kichwa kisichopoa, "ukiona hata kimoja, dada, usisubiri mtu wa nyumbani akuone, njoo, hata kama ni usiku," halafu akashusha sauti, "na mama akikukanda, asikubinye tumbo," na mama mkwe mwenyewe alikuwa getini anapanga khanga kwenye ndoo, hakusikia, na Specioza hakumfikishia ujumbe ule, angemfikishiaje, umwambie mwanamke aliyekanda wazazi wa ukoo mzima kwamba mikono yake ina makosa, mwanamke anayeamka kabla ya jogoo kukusongea uji wa mtama, anayekutafutia michembe, vile viazi vilivyokaushwa, unapoitamani, anayekufulia nepi huku akiimba? Siku ya kwanza alipoona haya kuvua nguo Mektilda alimtania, "mficha uchi hazai, na wewe umeshazaa, unaficha nini tena?" wakacheka wote wawili, akavua. Na kusema kweli si Mektilda aliyemlazimisha, lisisemwe hilo, yeye mwenyewe alitaka, aliomba, "mayu, unikande kila siku, usiruke hata moja," akamweleza na sababu, Mektilda akamshika mkono, akamwahidi, kwa sababu ya mama yake mzazi, Eufrasia, marehemu, kule Kiloleli... vidole vitatu vya nesi anavyo tayari, na kichwa nacho kimeanza kugonga, pole pole, kama mtu anayetwanga nyumba ya tatu... mama, basi, ilikuwa hivi, Specioza ana miaka minane na mama amejifungua Mayige, ambaye sasa ni mkubwa, yuko kidato cha nne, ana ndevu mbili tatu za kujivunia, na mvua ikanyesha siku mbili mfululizo, kuni zikalowa, majivu ya jikoni yakawa tope, nyanya yake Specioza akapuliza moto mpaka machozi, haukuwaka, watu wakala viporo, mama hakukandwa, na siku ya tatu mama akafa. Basi. Kiloleli yote ikajua sababu, hakukandwa, damu ikamgandia tumboni, kuni mbichi zilimuua Eufrasia, nyanya alilisema hilo mpaka na yeye akafukiwa, akijilaumu, na Specioza alikua nalo hilo, akaolewa nalo, akabeba mimba nalo, mwezi wa nane, pamba ikishavunwa, akamtuma Mabula akusanye mabua ya pamba, ayaweke darini yakauke vizuri, Mabula akashangaa, kuni zote hizi za nini, akamwambia wewe kusanya tu.

"Geuka, upande huu," anasema Mektilda, anageuka, kitambaa kinatua, machozi yanamtoka, anaachia yatoke, kwenye mvuke hayaonekani, na mama yuko pale, mama amelala ubavu kwenye kitanda cha kamba, mvua inapiga mabati, anamwita, Spe, njoo, anamwekea kiganja shavuni, "umlinde mdogo wako," na kile kiganja... kile kiganja kilikuwa cha moto, anakikumbuka vizuri kuliko hata sura ya mama, kilikuwa cha moto mpaka yeye mtoto akarudisha kichwa nyuma, na miaka yote hii anakihesabu kama mapenzi, joto la mama, huwa analisimulia hivyo, alimsimulia hata Mabula wakati wa uchumba... lakini subiri, subiri kwanza, kuni zilikuwa zimelowa. Moto haukuwaka siku mbili. Hakuna aliyechemsha maji nyumba ile, hata ya chai. Sasa joto lile lilitoka wapi? Anasimama nalo swali hilo, mikono kwenye kitanda, kitambaa kinapanda kinashuka, lilitoka wapi, mama, na wewe ulikuwa unajua, ulikuwa unatetemeka chini ya blanketi, unajua kabisa, na ukamwona nyanya anavyohangaika na moto kwa ajili yako, machozi yanamtoka, ukaona vibaya kumwambia kwamba si hilo, bibi, si maji ninayohitaji... ulinyamaza kwa heshima, mama. Maskini mama yangu. Ulikufa na adabu zako. Na hofu aliyotegemea imfuate sasa hivi haiji, ajabu, linakuja jambo jingine, hasira kidogo, na chini ya hasira kuna utulivu, kama mtu aliyetafuta kitu nyumba nzima akakikuta kiko mfukoni mwake, mama hakuuawa na kuni mbichi, alikuwa mgonjwa, alihitaji dawa tu, na mimi ni mgonjwa, nahitaji dawa tu, si laana, si mkosi wa Kiloleli unaonifuata, na zahanati ni mwendo wa nusu saa kwa bodaboda, na mtoto amelala pale, mdomo wazi, hajapewa hata jina la ubatizo, nani atamsimulia kuhusu kiganja changu?

"Mayu," anasema, sauti inatoka ndogo kuliko alivyoipanga, "mayu, naumwa. Naumwa tangu juzi. Na damu inanuka."

Imetoka. Haiwezi kurudi ndani, na hataki irudi, hata kama mama mkwe atanuna, anune, watu hununa kisha wakaacha, aliyekufa ndiye harudi, anakaza macho kwenye ukuta, anasubiri, sufuria bado inatoa mvuke, mtoto bado amelala, Mektilda amesimama na kitambaa mkononi, maji ya moto yanamdondokea miguuni mwake mwenyewe na hajali.

"Nimeisikia harufu tangu juzi," anasema Mektilda, taratibu, bila kumtazama. "Ningeanzaje kumwambia mzazi kwamba ananuka, na mama yako hayupo wa kukusemea? Nikawa naongeza moto tu, mwanangu. Kila siku naongeza moto."