Mtaa wa Herufi Nne

Baada ya chakula cha mchana najilaza na daftari la elimu ya watu wazima kifuani, narudia somo la vinasaba, kwa maana alasiri wazee wa ukoo wanakuja, na mimi, msomi wao, ndiye nitakayewathibitishia kwamba selimundu, ugonjwa wa damu wa mjukuu wangu Kalunde, imetoka kwa mama yake, Nyamizi, na kwamba Nyamizi arudishwe kwao. Jicho linajifumba, na tayari natembea kwenye barabara iliyojisokota kama kamba, kila hatua ni herufi mbili zilizoshikana, A na T, C na G, A na T tena, wala sioni mwisho, na pembeni kuna mji ambao kila nyumba inatazamana na pacha wake. Mtu asiye na uso ananipokea. Nionyeshe herufi inayomtesa mjukuu wangu, namwambia. Anacheka. Mzee Lugembe, mkeka gani husukwa kwa ukindu mmoja? Naingia nyumba ya Nyamizi, nasoma ukutani, nasoma upesi maana kusoma nakujua, na hiyo hapo, palipopaswa kuwa A pana T. Nimeshinda, napiga kelele. Umeshinda nusu, asema asiye na uso. Mwenye moja tu kama hiyo haugui. Nyamizi anaugua? Haugui. Basi ya pili mtoto kaipata wapi? Miguu inakwenda yenyewe hadi nyumba ya mwanangu, baba yake Kalunde, na mlango wake wa nyuma unafungukia nyumba yangu mimi, na ukutani kwangu ipo T ileile. Naifuta kwa kidole, kwa mate, kwa kiwiko. Kila nikifuta nyumba inajigawa mbili, na zote mbili zina T, nne, nane, kumi na sita. Sahihisha basi, msomi, ananidhihaki, si una kalamu?

Baba, wazee wamefika. Ni Nyamizi, amesimama mlangoni, macho mekundu, begi limeshafungwa. Natokea sebuleni, sakafu inapanda na kushuka. Haya, mdogo wangu, asema kaka Maganga, tueleze, apande basi la jioni.

Ugonjwa umetoka kwake, nasema, na umetoka kwangu. Kama ni kufukuza, anzeni na mimi.

Maganga ananibana mkono kwa nguvu, ananong'ona, Lugembe, umelala wewe? Nami sijui kama nimeamka.