Maharagwe ya Jivu

Kwamboka alijifunza kazini kwamba kuna majira ya kuchipua. Kwao Nyamira kuna mvua na kuna kiangazi, basi. Lakini huku Qatar, katika saluni ya Al Rayyan anakopokea wateja, kila Machi mabibi huongea habari ya kuukaribisha msimu: tupa vya zamani, washa mshumaa, kula polepole huku ukishukuru. Naye akaanza kuwarekodia wafuasi wake wa mtandaoni video za utulivu, yeye ambaye hugombana hata kwenye foleni ya bafu.

Ijumaa hiyo Nafula, anayeishi naye chumba kimoja mtaa wa Najma, alikuwa ameenda kanisani Abu Hamour. Kwamboka akafungua dirisha. Upepo ulikuwa bado mwema, joto halijaanza kutesa watu. Akafagia, akakung'uta mapazia, akaiegemeza simu juu ya friji ielekee jiko. Sasa alihitaji chakula cha kuonyesha. Nyuma ya unga, upande wa Nafula wa kabati, akakuta kopo la maharagwe mekundu yaliyochanganywa na jivu.

Hapa ningependa kumtetea, ila siwezi. Mtoto wa Nairobi angedhani ni uchafu tu. Kwamboka alilelewa na nyanya yake, na maharagwe ya jivu aliyajua kabla hajajua kusoma: hiyo ni mbegu, jivu ni la kuzuia wadudu, na mbegu haipikwi hata nyumba ikilala njaa. Mkono wake ulisita juu ya kopo. Kisha akaitazama simu inayorekodi, akajiambia ni ya zamani, na leo ni siku ya kuondoa vya zamani. Akayaosha mpaka maji yakawa meupe, akayapika. Kopo nalo akalisugua, akaweka mshumaa ndani yake, kisha akairusha video mtandaoni.

Nafula alirudi alasiri, njaa imemshika. "Woi! Leo ni wewe umepika? Kweli Mungu yupo!"

"Kaa chini, mama. Na ukule polepole, hiyo ndiyo siri," Kwamboka alisema, akimpakulia.

Nafula alikuwa na kijiko mdomoni simu yake ilipolia. Alikuwa Joram, kaka yake, kutoka Bungoma. Akaiweka kwenye spika.

"Dada, imenyesha!" Joram alipiga kelele kuishinda mvua iliyokuwa ikigonga mabati. "Mimi nimepanda zangu, Pamela amepanda zake. Wewe umepanda za mama?"

Mama yao alifariki mwaka jana, na Nafula alinyimwa ruhusa ya kwenda kumzika katika hoteli anakofanya kazi. Maharagwe ya mwisho ambayo mama aliyachagua kwa mkono wake yaligawiwa watoto wake watatu, fungu la Nafula likatumwa Qatar, wakaapa kuyapanda siku ya mvua ya kwanza kunyesha nyumbani, popote kila mmoja atakapokuwa. Ndiyo maana chini ya kitanda cha Nafula kulikuwa na ndoo ya rangi iliyojaa udongo. Kwamboka alikuwa akiicheka ndoo ile tangu ilipoingia. "Unataka kulima Qatar?" Hakuwahi kungoja jibu.

Nafula aliitazama sahani. Akalitazama kabati, kisha kopo lililong'aa dirishani na mshumaa wake.

"Dada? Unanisikia?"

Nafula huyu huyu aliwahi kwenda mwenyewe kwa msimamizi kusema amevunja glasi ambayo hakuna aliyeiona ikivunjika.

"Nimepanda, Joram," alisema. "Zote."

"Mungu akubariki. Basi mama ana shamba hadi ng'ambo."

Simu ilipokatika, Kwamboka alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nafula, pole, sikujua ni za mama..." Maneno hayo yalimtia aibu kuliko lile kopo. "Lakini nilijua ni mbegu. Niliona jivu."

Nafula alivuta sahani yake karibu, akaendelea kula punje moja moja, akitafuna polepole, machozi yakimtiririka hadi kidevuni bila yeye kuyafuta. Kwamboka akaisukuma sahani yake kando.

"Kula," Nafula alimwambia. "Usimwage hata moja."

Juu ya friji simu ya Kwamboka ilikuwa ikitoa milio midogo midogo. Wafuasi walikuwa wakimpongeza. Aliinamisha kichwa, akala. Maharagwe yalikuwa laini, yameiva vizuri.