Mji wa Majiko Baridi

Ni mchana, nimejilaza ubavu mwanangu Tumu akinyonya, na mama yangu ameketi mkekani anatia sukari kwenye chai aliyokwisha kuitia sukari. Mama, inatosha, namwambia, naye ananiuliza kwa adabu kabisa, kwani wewe dada ni wa nyumba gani? Ni ugonjwa wa kusahau. Daktari anasema vipo vinasaba vya kurithi vinavyouchochea, nikipimwa damu itajulikana kama ninavyo, na kama huenda nimempa Tumu. Niamue. Naamua na siamui, macho yananizidi, kijiko cha mama kinagonga kikombe, ting, ting, hadi mlio ule unakuwa hatua zangu mwenyewe barabarani.

Barabara haina mwisho. Kila nikikata kona narudi mji uleule, ila kushoto kumekuwa kulia, kama kwenye kioo. Kila mlango una gunia la mkaa limejaa pomoni, na kila jiko ni baridi. Mbele yangu anatembea mtu aliyejitanda kanga; akigeuka, hana uso. Mkaa wote huu, mbona hawapiki? namuuliza. Anasema, huko shule ya jioni ulifundishwa nini? Kwamba ubongo hula sukari nyingi kuliko ukubwa wake, nasema. Haya, anasema, sukari ndiyo mkaa huu, na majiko ni ubongo wa mama yako. Mkaa upo, moto haushiki. Kisha ananiambia, kitendawili. Tega. Bibi kampa mama, mama kampa mwana, hakuna aliyekiona. Maradhi, nasema. Anacheka, hapana, nipe mji. Na mimi, kama tulivyocheza utotoni, asiyejua hutoa mji, nampa Pangani alikozaliwa mama, na taa za Pangani zinazimika nyuma yangu. Ndipo naelewa mama alivyofilisika: kila akishindwa ametoa mji, mji baada ya mji, mpaka ule niliomo mimi. Jaribu tena, anasema. Kifo. Hapana, nipe mji. Nampa Korogwe nilikosoma, nayo inazimika. Umebakiwa na mmoja, bibi we, ule wa mwanao. Huo siutoi, namwambia, hata unitegee mpaka kiyama. Basi jibu. Nasema polepole, ni mbegu. Na mbegu si mti. Ipo inayoota, na ipo inayolala tu mpaka mwenyewe anazeeka anajiendea zake. Hacheki tena. Anainama, anapuliza jiko lililo karibu, kaa moja linakuwa jekundu, ananiwekea kiganjani kama jirani aliyeombwa moto, wala haliniunguzi.

Nafumbua macho. Tumu amelala, maziwa mdomoni. Hidaya, ananiita mama, jina ambalo hajalitamka tangu Ramadhani, ulikuwa wapi mwanangu? Kiganja changu kina weusi, wa mkaa au wa kivuli cha dirisha, sijui. Kitendawili, anasema mama. Sijui niko upande upi wa kioo. Naketi vizuri, namshika mkono, una joto.

Tega, mama.